Barza ya Ami Kaseti: "Mume wangu ananitangulia"

Mhariri ameniletea mfuko wa barua, na karibu zote ni za tamthilia: nani atazame lini, nani amfiche nani, nani alale. Kwa wageni wa ukurasa huu, jina la Kaseti nililipata Bondeni nilikokuwa nikikodisha kaseti za video, mpaka sidi zilipoingia zikanifungia duka. Ukikaa nyuma ya kaunta ile utawajua watu wa kumaliza na watu wa kungoja. Maswali ya dishi na king'amuzi mpelekeeni fundi.

*

Assalaam aleikum Ami. Mimi na mume wangu tuna tamthilia yetu moja ya Kituruki. Twaitazama Ijumaa usiku watoto wakishalala, sehemu moja, tukizidi mbili. Yeye yuko bandarini, na akiwa zamu ya usiku na kazi ikipungua hukaa na simu. Ijumaa iliyopita tumeketi, mama mkwe wa kwenye hadithi yuko jikoni anakoroga sufuria, wala hakuna muziki wa kutisha. Mume wangu akaiweka chini chai yake, akajishika goti. Papo hapo mlango ukavunjwa. Nikamuuliza umejuaje, akacheka. Kuangalia simu yake, msimu mzima ameshaumaliza. Kumbe wiki zote hizi alikuwa akishtuka kwa kuigiza! Dada zangu wananicheka, eti ni TV tu. Nina haki ya kukasirika?
– Mwenye Kungoja, Tudor

Waaleikum salaam, binti yangu. Haki unayo, na dada zako waambie Ami amesema.

Nikueleze niliyoyaona dukani. Mwisho wa miaka ya 1980 televisheni ya India ilikuwa ikionyesha Mahabharat, tamthilia ya hadithi yao ya kale, kila Jumapili asubuhi. Ilianza Oktoba 1988 ikaisha Juni 1990, sehemu 94, na huko India barabara zilikuwa nyeupe saa ile. Sisi hapa tuliipata kwa kaseti. E-180 hubeba saa tatu, basi kila kaseti iliingia sehemu nne hivi, nami nilikuwa na nakala moja moja. Nyumba ya Ganjoni ikichukua kaseti ya tano, ya Makupa ikae isubiri. Hakuna aliyependa kusubiri. Uchache wa kaseti ndio uliokuwa ratiba.

Sasa tazama yaliyokuwa yakitokea. Mama wa Ganjoni analeta kaseti, wa Makupa keshafika kuingoja, na wote wawili hawaondoki. Kaseti iko baina yao juu ya kioo cha kaunta, haijarudishwa nyuma (hilo nilikuwa nalitoza), wao wanamjadili Karna, mpiganaji wa mle hadithini: mtu ameshaijua asili yake na bado amebaki upande ule ule, ni uaminifu au ni kiburi? Yule aliyetangulia anajua litakalofuata. Hasemi. Anauma mdomo, anamwambia mwenziwe "we nenda katazame tu", na macho yanasema kuna jambo. Nusu saa nzima, na foleni imefika mlangoni. Sikuwafukuza, walikuwa wakinifanyia matangazo ya bure.

Kwa hivyo kutangulia si dhambi. Yule mama alitangulia, akakiri kwamba ametangulia, kisha akaifunika siri ili mwenziwe apate utamu wake. Mumeo ametangulia akajifanya mko sawa. Ulipokuwa ukimuuliza "wadhani ni nani aliyechukua barua?", alikuwa akikisia nawe na jibu analo mfukoni. Hapo ndipo ulipodhulumiwa. Kungoja pamoja na mtu ni sehemu ya tamthilia yenyewe: baina ya Ijumaa na Ijumaa ndipo mnaposhuku, mnapobishana, mnapomsingizia mama wa watu makosa ambayo hajayafanya. Wewe ulikuwa ukingoja na mtu asiyengoja.

Tena amejipunja mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 51. Wote walipewa tamthilia moja ya Uingereza ya mambo ya ujasusi, sehemu sita. Kundi moja lilitazama sehemu moja kwa wiki, la pili moja kwa siku, la tatu zote kwa mkao mmoja. Kesho yake, waliokaa mkao mmoja ndio waliokumbuka zaidi. Walipoulizwa tena baada ya siku 140, wao ndio waliosahau kwa kasi kubwa, na wale wa wiki kwa wiki walipoteza kidogo tu. Na hao wa mkao mmoja walisema wameifurahia kidogo kuliko wenzao. Wanafunzi 51 si umma, usende ukamtisha mtu kwa hilo, ila linalingana na ya kaunta. Waliokuwa wakibeba mkoba mzima wa kaseti siku ya Jumamosi walinirudia Jumatatu wakiuliza "kuna nini kingine?", na jina la shujaa hawakulishika.

Kuna jambo moja la kumpunguzia adhabu. Tamthilia za Kituruki huko kwao huonyeshwa mara moja kwa wiki, na ni ndefu, saa mbili na kupita. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi. Vipande vitatu alivyovimeza kazini usiku mmoja huenda kwa mwandishi wake vilikuwa sehemu moja. Kwa hilo namhurumia, lakini si kwa msimu mzima.

Hukumu yangu: tamthilia itakayofuata ichagueni ile ambayo bado inatolewa, moja kwa wiki, maana sehemu ambayo haijatoka hata zamu ya usiku haiwezi kuileta. Na hii ya sasa aketi aitazame tena nawe mpaka mwisho, na kikombe kikae mkononi.

*

Ami, kuna tamthilia ya ng'ambo inatolewa sehemu moja kila wiki, jumla 8. Nikilipia leo itanibidi nilipe miezi miwili. Wenzangu wanasema ningoje zitoke zote, nilipe mwezi mmoja, nizimalize wikendi moja. Ila kazini kila Jumatatu hawana hadithi nyingine, nami nabaki kuwatazama midomo. Nifanyeje?
– Mbana Matumizi, Kisauni

Mchezo wa hizo kampuni za tamthilia umeujua bila kufundishwa. Netflix ndiyo iliyowazoesha watu kumwagiwa zote: Februari 1, 2013 iliachilia House of Cards, sehemu 13, siku moja. Huduma yenyewe ikatufikia Kenya Januari 2016, tukaona huo ndio ustaarabu. Lakini aliyemaliza Jumapili anaweza kukata malipo Jumatatu, na kampuni inayokula kwa mwezi haiipendi Jumatatu hiyo. Ndiyo sababu wengine wameshikilia wiki kwa wiki.

Netflix nao wakatafuta njia ya katikati, wakawa wanaukata msimu vipande viwili. Msimu wa nne wa Stranger Things ulitoka Mei 27 na Julai 1, 2022. Hesabu mwenyewe, katikati pana zaidi ya mwezi. Huo mtindo siupendi hata kidogo. Wiki kwa wiki humpa mtu mazungumzo, nusu kwa nusu humpa risiti ya pili. Walipoukata msimu wa tatu wa Bridgerton mwaka 2024, Mei 16 na Juni 13, pengo lilikuwa siku 28, kwa hivyo aliyelipa siku ya kwanza alibakiwa na siku mbili tatu za kuimaliza nusu ya pili. Mpwa wangu mmoja wa Nyali alizitumia zote, na harusi ya watu hakwenda.

Sasa wewe. Usilipe leo. Lipa siku ile sehemu ya nne inapotoka. Wikendi hiyo tazama zote nne, hiyo ndiyo karamu yako. Ya tano, ya sita, ya saba na ya nane zitakufuata wiki baada ya wiki, na ya mwisho itakuangukia siku ya 28. Umelipa mwezi mmoja na Jumatatu zilizobaki umeingia kwenye mazungumzo, tena zile zenye utamu, kwa sababu wiki za mwanzo watu huwa bado wanaulizana majina ya wahusika. Bando pia uliangalie. Kwa hesabu ya Netflix wenyewe, picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, lakini kwenye simu ukiiweka ile ya kuokoa data, GB 1 huenda kama saa sita. Kwa kioo cha simu hutaona tofauti ya kukuliza.

Na Jumatatu hizo usizidharau. Mwaka 2019 Game of Thrones ilikuwa ikimalizika. Marekani yaonyeshwa Jumapili saa tatu usiku, kwetu huwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na king'amuzi kiliileta saa ile ile. Sehemu mbili za mwisho zikaangukia Mei 13 na Mei 20, Ramadhani. Vijana wa mtaani kwetu ambao mama zao huwaamsha daku kwa maji usoni, siku hizo walikuwa macho kabla ya mama zao, sahani mapajani. Ile ya mwisho ilikuwa ndefu, adhana ikalia haijaisha. (Mle ndani kuna mambo ambayo si ya Ramadhani wala si ya mfunguo mosi. Mimi nasimulia tu.) Asubuhi ile Bondeni haikuwa na habari ya bei ya unga wala ya siasa, na hata waliokuwa hawajaiona hata sehemu moja walikuwa na msimamo. Hilo huwezi kulilipia baadaye. Ukija kuitazama mwezi wa nane, utaipata tamthilia, watu hutawapata.

*

Ami, makanga wa matatu yetu akishatazama kitu jana usiku, leo asubuhi atakisimulia kuanzia Mtwapa mpaka Mwembe Tayari, mpaka nani kafa. Kuna sheria ya kumzuia?
– Abiria, Mtwapa

Haipo. Shuka Bombolulu, upande matatu nyingine. Mimi nampa kila mtu siku mbili tangu sehemu itoke. Baada ya hapo mwenye kumwaga mtama amwage, na asiyetaka kuula ajizibe masikio.

*

Shikamoo Ami. Mwanangu wa kidato cha tatu yuko likizo. Anaanza tamthilia saa tatu usiku, namsikia anacheka saa nane. Asubuhi nataka tuvuke ferry tuende naye Marikiti, hajiwezi. Nimegomba, nimeficha chaja, ananiahidi "hii ya mwisho mama" na haiwi ya mwisho. Ni uvivu au ni nini?
– Mama Wawili, Likoni

Marahaba mama. Si uvivu. "Hii ya mwisho" anakuahidi kwa moyo safi, ila anapigana na watu waliosoma. Sehemu ikiisha huwa imeachiwa jambo linaning'inia, na kabla hajanyoosha mkono ya pili imeshaanza yenyewe. Hiyo ya kuanza yenyewe inazimika: kwenye mipangilio ya wasifu wake wa Netflix kuna mahali pa kuiondoa. Iondoe, au iondoeni pamoja. Kitendo cha kubonyeza tu kitampa nafasi ya kuiangalia saa.

Kisha mfundishe jambo ambalo wateja wangu wazee walilijua: usikatize mwishoni mwa sehemu, katiza katikati. Mwisho ndipo mtego ulipotegwa. Dakika ya ishirini hivi, wakubwa wanapokula na kuzungumza mambo ya shamba, hapo mtu anaweza kuzima na akalala bila kuumia. Kesho anaanzia hapo, anapita mtego wa ile ya jana, anasimama katikati ya inayofuata. Atakuona umechanganyikiwa, mwambie ajaribu usiku mmoja.

Kuhusu usingizi, kuna utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 2017, vijana 423 wa miaka 18 hadi 25. Waliokuwa na mazoea ya kutazama mfululizo walilalamika zaidi kwamba hawalali vizuri, na watafiti walieleza kwamba akili huingia kitandani bado imewaka, inaendelea na hadithi. Kwa hivyo hata akizima saa nane, usingizi hauji saa nane. Chaja uliyoificha mrudishie, lakini simu yenyewe ilale chumbani kwako kuanzia saa nne na nusu. Umwambie mapema, mchana, akiwa ameshiba, si usiku akiwa katikati ya vita. Na Marikiti msiende kesho, mwacheni alipe deni la usingizi kwanza.

*

Ami, sisi ni vijana watano wa Mishomoroni. Tumerekodi tamthilia yetu ya Kiswahili kuhusu nyumba moja ya wavuvi, sehemu kumi, tutaiweka YouTube. Wawili kati yetu wanataka tuziachilie zote siku moja kama wakubwa wanavyofanya, watatu wanataka kila wiki. Tumekutumia mbili za mwanzo uzione. Tuamue.
– Watano wa Mishomoroni

Nimeziona, na yule bibi wa kuuza viazi karai mumpe nafasi zaidi. Jibu ni kila wiki.

Country Queen ilipoingia Netflix Julai 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya Netflix, sehemu sita zilitoka pamoja, na waliweza, maana jukwaa lenyewe huwasukumia watu mbele ya macho. Ninyi mkitoa kumi siku moja, rafiki zenu watatazama mbili, watasema "hongereni", na wiki ya pili hakuna wa kuwakumbusha kwamba mpo. Crime and Justice ya Showmax, huduma ya kulipia kama Netflix, mwaka 2021, ilitolewa wiki kwa wiki hapa hapa Kenya, na ilikuwa na kampuni nyuma yake. Ninyi mna simu tano. Kila wiki mpya ni sababu mpya ya kumtumia mtu kiungo bila kuonekana msumbufu.

Lakini kutoa kwa wiki kunataka uandishi wa wiki, na hapo ndipo ninapowaonea wasiwasi. Mtazamaji wenu atakuwa na siku saba za kusahau, za ada ya shule, foleni ya ferry na mpira. Sultana ya Citizen, mwaka 2022, hadithi ya kwetu Pwani, ilikuwa ikirudi kila jioni ya kazi. Mtu hakupata nafasi ya kumsahau yule binti. Waarabu nao huandaa tamthilia za Ramadhani, sehemu kama 30, moja kila usiku baada ya futari. Bab al-Hara ya Syria ilianza hivyo mwaka 2006, na nyumba zenye dishi za Kiarabu Mji wa Kale zilikuwa hazipigiwi simu saa ile. Hao wana kesho. Ninyi mna wiki. Basi kila sehemu imalize jambo moja kamili, dogo hata kama ni deni la mafuta ya mashua, kabla ya kuacha kubwa likining'inia. Mmekulia na Vioja Mahakamani: kesi inaingia, kesi inakwisha, na wiki ijayo unarudi kwa sababu ya watu wale wale. Sehemu yenu ya kwanza haimalizi chochote. Inaanzisha mambo matano na kuyaacha yote. Mtu aliyekaa mbele ya TV na nyingine inaanza yenyewe atawavumilia, wa kungoja wiki hatarudi.

Msianze kabla kumi zote hazijawa tayari kabisa. Mkiruka wiki moja, waliokuwa wakingoja watadhani mmekufa, na hawatakuja kuuliza. Siku ya kutolea, epukeni Jumamosi jioni, hamtashindana na mpira wa Uingereza, na Ijumaa mchana watu wako msikitini kisha wako mezani kwa pilau. Jumapili saa mbili usiku wengi wako nyumbani na kesho yake kuna matatu na ofisi za kuizungumzia. Kila sehemu iliyotoka, someni maoni siku hiyo hiyo. Mtajua ni nani wanampenda, na hata kama kila kitu kimesharekodiwa, bado mnaweza kuchagua ni onyesho gani likae mwanzo na lipi likatwe.

Na sehemu ya pili, pale baba na mwana wanapogombana ufuoni, upepo umemeza maneno ya baba yote kuanzia "mashua si yako". Nimerudisha nyuma mara kadhaa sikupata kitu. Rudini pale asubuhi mapema kabla kaskazi haijaamka, au mumwite baba arekodi maneno tena ndani ya nyumba, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani.